Mlango Si Ubao

Juu ya meza yangu pana kitabu kinene cha visawe vya Kiingereza, jalada lake limekwisha kubanduka, ambacho nimekuwa nacho tangu siku zangu za kufundisha. Ni mjukuu wa kitabu cha Peter Mark Roget, daktari wa London aliyezaliwa mwaka 1779 na kukitoa kitabu chake mwaka 1852, alipokuwa na umri wa miaka 73. Roget hakuyapanga maneno kwa kufuata alfabeti. Aliyapanga kwa mawazo, chini ya vichwa 1000, kila wazo na jamaa zake. Mpangilio huo ndio unaolifanya neno “door” likutwe pamoja na wenzake, “gate”, “portal”, “entrance”, “doorway”, “entry”, “threshold”, kama wageni walioketi mkeka mmoja arusini, na msomaji asiye mwangalifu hudhani kwamba wote ni ndugu wa tumbo moja.

Kando yake pana kamusi ndogo ya mfukoni ya Kiingereza na Kiswahili, ya aina ile ambayo wanafunzi wetu wengi wamepata kuishika. Humo mambo ni mafupi zaidi. “Door” ni mlango. “Gate” ni lango. Basi. Kwa mtoto wa darasa la tatu inatosha. Kwa mtafsiri haitoshi hata kidogo, na katika kurasa hizi nataka kueleza kwa nini, maana nimeona kwa macho yangu neno hili likibadilishwa na jingine na kumfanya mtu mzima asijue kinachosemwa juu ya mwili wake mwenyewe. Hilo nitalifikia. Kwanza tupite polepole.

Tuanze kwa Waingereza, maana neno ni lao. “Door” ni neno la kale mno, na jamaa zake wameenea kutoka Uingereza hadi India. Wagiriki walisema “thyra”, Waajemi husema “dar”, katika Kisanskriti lilikuwa “dvara”, na Warumi walisema “foris”. Hapo kwa Warumi ndipo panaponivutia. Kutokana na “foris” walipata neno “foras”, yaani nje ya mlango. Neno hilo likapita kwa Wafaransa, likaingia Uingereza, na leo ndilo “foreign”. Kwa asili ya neno, basi, mtu wa nchi nyingine ni mtu aliye nje ya mlango. Sisemi kwamba Mwingereza wa leo hulifikiria jambo hilo anapojaza fomu uwanja wa ndege, wala si haki kulihukumu taifa kwa asili ya neno moja. Lakini utazame usemi wao wa kila siku. Aliye ndani ya nyumba yuko “indoors”, aliye nje yuko “outdoors”. Jirani anakaa “next door”. Mchuuzi au mpiga kampeni huenda “door to door”. Anayefukuzwa huonyeshwa mlango. Mlango kwao ni mpaka, na ubao ndio unaoushika mpaka huo.

Sasa jaribu kuyasema hayo kwa Kiswahili na utaona mlango unavyotoweka. Ndani ni ndani, nje ni nje. Havikuhitaji mlango ili vijulikane. Jirani ni jirani, au mtu wa nyumba ya pili. Mpiga kampeni hupita nyumba kwa nyumba. Yule mfukuzwa hufukuzwa tu, bila kuonyeshwa chochote. Pale ambapo Mwingereza anataja ubao, sisi tunataja nyumba au tunamtaja mtu. Ndiyo maana usemi wao wa kuujibu mlango hautafsiriki. Kwetu mlango haujibiwi. Anayejibiwa ni mwenye hodi. Hodi yenyewe haihitaji mlango. Mtu hupiga hodi penye ua wa makuti, penye kichaka kinachozunguka kiambo, hata mbele ya mlango ulio wazi tangu alfajiri. Mwingereza anapobisha anahitaji mbao ya kugonga. Sisi tunahitaji masikio ya aliye ndani, na kama hakuna anayeitika hata mara ya tatu, mtu mwenye adabu huondoka, mlango uwe wazi au umefungwa.

Kwa sababu hiyo hunichoma roho ninaposoma gazetini kwamba viongozi walikutana “nyuma ya milango iliyofungwa”. Nani aliyeiona hiyo milango? Mwandishi aliiona katika Kiingereza, akaihamisha na bawaba zake. Kiswahili kina neno faragha, lililotulia na linaloeleweka Lamu mpaka Kigoma. Walikutana faragha. Herufi ni chache na maana ni kamili.

Narudi kwa wale wageni wa mkeka mmoja. Kisawe cha kweli, kwa maoni yangu, ni neno linaloweza kukaa mahali pa mwenzake bila sentensi kulalamika. Kwa kipimo hicho, sioni hata wawili kati yao ambao ni visawe kila mahali. “Door” ni ya nyumba au chumba. “Gate” ni ya ua, ya mji, ya shamba, na katikati yake na paa la nyumba aghalabu kuna uwanda. “Doorway” ni tundu lenyewe, ubao ukiwa umetolewa. “Entrance” ni mahali pa kuingilia, pawe na ubao au pasiwe nao. “Portal” ni neno la kuvaa kilemba: lango kubwa la kanisa au kasri, na siku hizi limepewa kazi kwenye intaneti. Hata Waingereza wenyewe hugongana. Katika tafsiri yao ya Biblia ya mwaka 1611, Injili ya Yohana sura ya 10 ina “door”; tafsiri ya New International Version, iliyotoka kamili mwaka 1978, ikaweka “gate”, kwa hoja kwamba zizi la kondoo halina mlango wa chumba. Biblia yetu ya Union ya mwaka 1952 haikupata taabu hiyo. Iliandika mlango hapo, na mlango tena katika Mathayo sura ya 7, mahali ambapo Kiingereza kinasema “gate”. Wapo watakaosema huo ni umaskini wa msamiati, kwamba tulikuwa na neno lango na hatukulitumia. Mimi naona kwamba watafsiri wale walisikia kitu ambacho kamusi ya mfukoni haikisikii.

Kabla sijakitaja, nimalize na “threshold”, maana hapo ndipo watafsiri wengi huanguka kifudifudi. Kwa Kiswahili ni kizingiti, na kama unazungumzia nyumba, huna neno bora zaidi. Lakini Mwingereza anaposema nchi iko kwenye “threshold” ya zama mpya, anasema kwa furaha: imefika, mguu umekwisha inuliwa. Kizingiti katika Kiswahili cha magazetini na cha mabaraza ni kikwazo. Tunasema urasimu ni kizingiti cha maendeleo. Ukiandika kwamba taifa limefika kwenye kizingiti cha zama mpya, msomaji ataelewa kwamba limekwama. Kiungo ni kimoja cha nyumba moja, lakini Mwingereza amekitazama kwa jicho la anayevuka, na sisi kwa jicho la anayejikwaa.

Ya “gate” ni ya kuchekesha zaidi. Mwaka 1972 watu walikamatwa wakiwa wamevunja na kuingia katika ofisi za chama cha Democratic, ndani ya majengo ya Watergate, Washington. Mwaka 1974 Rais Nixon akajiuzulu. Tangu hapo kipande “gate” kimekuwa kikibandikwa nyuma ya jina la kashfa yoyote, na lango lenyewe limesahauliwa. Kwetu neno hilohilo lilikuja kwa njia nyingine, likawa geti. Kuna wasemao geti ni lango lililovaa suruali. Sikubaliani nao. Lango ni la mji, la ngome, la uwanja. Ni neno lenye heshima, na kwenye soka mlinda lango au mlinda mlango ni mtu anayeshangiliwa. Geti ni chuma, ukuta, vipande vya chupa juu ya ukuta, na mlinzi anayeuliza unamtaka nani. Vijana wa Dar es Salaam wanapomwita msichana mtoto wa geti kali, husema kwa maneno mawili habari ya malezi, mali, na baba asiyetaka mchezo. Weka “lango kali” hapo uone kama kuna atakayekuelewa. Kwa hiyo hata neno la mkopo, likishaingia, hutafuta kazi yake na kuacha kuwa kisawe cha lile lililolitangulia.

Na hapa niruhusu kijia kidogo. Mlango ni neno letu la Kibantu, lakini ukiuchunguza utakuta umefungwa kwa vitu vya ugenini. Bawaba inatokana na ukoo wa “bab”, mlango kwa Kiarabu, na bawabu, yaani mlinzi wa mlangoni, ni wa ukoo huohuo. Kufuli ni la Kiarabu pia. Fremu ni ya Kiingereza. Mafundi wa milango ya nakshi wa Unguja na Lamu walibaki na mfaa, ule mti wa katikati ambapo mbao mbili hukutana, na miimo ya pande mbili, na kizingiti juu na chini. Lakini kioja kikubwa ni dirisha. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya kimlango, mlango mdogo, na “dar” iliyomo ndani yake ni ndugu wa damu wa “door” ya Kiingereza. Ndugu huyo alikuja pwani yetu kwa majahazi, akakuta mlango una mwenyewe, akaingilia dirishani. (Asije mtu akaichanganya na ile ya Dar es Salaam; hiyo ni ya Kiarabu, maana yake nyumba, na hawana undugu wowote.)

Sasa nikitaje kile ambacho kamusi ya mfukoni haikisikii. “Door” kwanza ni ubao, kitu unachoweza kukinunua, kukipaka rangi na kukibeba kichwani. Tundu ni jambo la pili, na wamelitafutia hata jina lake. Mlango kwanza ni tundu. Ni mahali pa kupitia. Ubao ni kifuniko kilichokuja baadaye. Najua utaniambia kwamba fundi seremala anapokwambia mlango wako uko tayari, hakuuzii tundu. Ni kweli, na sitabishana na fundi, hasa kama nimekwisha mlipa nusu. Lakini tazama mlango unakokwenda ukitoka nyumbani, na utaona kwamba ubao haukufuatana nao.

Mto unapoingia baharini pana mlango wa mto. Mwingereza ameona kinywa hapo, anasema “mouth”. Bahari mbili zinapokutana katikati ya nchi kavu pana mlango-bahari. Mwingereza ameona wembamba: “strait” ni kitu kilichobanwa. Waarabu wameona sawa nasi, na ile njia ya maji kati ya Yemen na Djibouti wanaiita Bab el Mandeb, mlango wa maombolezo, kwa sababu ya merikebu zilizopotelea humo. Hakuna bawaba hapo. Vitabu vya zamani vya Kiswahili viligawanywa kwa milango, mlango wa kwanza, mlango wa pili, kama “bab” ya Kiarabu ilivyo sehemu ya kitabu; sura ilikuja baadaye na kuichukua kazi hiyo karibu yote. Nalisikitikia kidogo neno lile la zamani. Sura ni neno zuri, lakini mlango ulikuwa ukimwambia msomaji kwamba anaingia mahali.

Tena kuna milango ya fahamu, ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi huitaja kwa vidole: macho, masikio, pua, ulimi, ngozi. Kiingereza kinaziita “senses” tu, na neno hilo halikuonyeshi chochote kinachopita. Kiswahili kimesema waziwazi kwamba ulimwengu huingia kwa mtu kupitia milango mitano. Nilipokuwa nikifundisha, palikuwa na kijana mmoja aliyeniuliza kwa nini ngozi iitwe mlango ilhali haina tundu. Nilimwambia aloweshe mkono wake maji ya baridi kisha aniambie kama baridi imebaki nje. Darasa lilicheka, naye akacheka, na sidhani kama kamusi yoyote ingemjibu upesi zaidi.

Harusini nako, katika sehemu nyingi za pwani, palikuwa na kifungua mlango, zawadi anayotoa bwana harusi ili aruhusiwe kuingia chumbani alimo biharusi. Fedha ile haikuwa bei ya ubao. Walioisimamia walikuwa wanawake, na wao ndio waliokuwa mlango.

Hapo ndipo tunapofika kwenye maana ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote, nayo inaanza kufifia mijini. Katika miji ya kale ya Waswahili mlango ni tawi la ukoo. Mtu huulizwa kabila, kisha mbari, kisha mlango. Kwa ndugu zetu Wamijikenda ni mryango, na maana ni ileile. Bibi yangu mzaa mama, alipoletewa habari ya posa, hakuuliza kwanza kazi ya kijana. Aliuliza, “Ni wa mlango upi?” Alikuwa akiuliza hao watu wametokea kwa nani, kwa tumbo lipi. Wazee walinieleza kwamba asili yake ni kiambo cha zamani cha wake wengi, ambapo kila mke alikuwa na nyumba yake na mlango wake, na waliotoka mlango mmoja ni watoto wa mama mmoja. Sina sababu ya kuwakatalia.

Jambo hili halikuishia pwani. Katika Kinyarwanda na Kirundi, umuryango ni mahali pa kuingilia nyumba, na umuryango ni jamaa, ukoo, hata chama. Rwanda na Burundi zilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, jina la jumuiya hiyo kwa Kinyarwanda lilikuwa na ni Umuryango wa Afurika y’Iburasirazuba. Sisi tumeandika Jumuiya, neno la Kiarabu la kukusanyika; Waingereza wameandika “Community”; jirani zetu wameandika neno ambalo herufi kwa herufi ndilo la mlango. Na huku nyuma, katika damu ya Kilatini ya Kiingereza, mlango ulizaa mgeni. Ukoo mmoja wa lugha ulisimama mlangoni ukatazama nje, ukamwona asiye wao. Ukoo mwingine wa lugha ulisimama mlangoni ukatazama waliotoka ndani, ukawaita ndugu. Kamusi ya mfukoni imeweka alama ya usawa kati ya maneno hayo mawili.

Huenda msomaji akaona nimelifanya neno kubwa kuliko linavyostahili. Basi nitoe habari ya karatasi moja.

Miaka michache iliyopita niliombwa na zahanati moja, isiyo mbali na ninapoishi, kukipitia Kiswahili cha kijitabu cha kurasa nne kilichokuwa kikigawiwa kwa akina mama. Kilihusu ile saratani ambayo Kiingereza huitaja kwa neno “cervix”, na ambayo Tanzania inaongoza kwa idadi miongoni mwa saratani za wanawake. Ni ugonjwa ambao karibu mara zote huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Hukua polepole kwa miaka. Na dalili zake za mwanzo, kabla hazijawa saratani, zinaweza kuonekana kwa kipimo rahisi cha kupaka siki na kutazama kama pana weupe. Ukionekana mapema hutibika. Tangu mwaka 2018 wasichana nchini wamekuwa wakichanjwa dhidi ya kirusi hicho. Yote hayo yalikuwamo kijitabuni, tena kwa sentensi fupi na safi. Lakini kutoka jalada mpaka ukurasa wa mwisho, kiungo chenyewe kiliitwa shingo. Saratani ya shingo ya kizazi. Mahali pawili, kwa haraka ya mwandishi, kizazi kilisahauliwa ikabaki shingo peke yake.

Mtafsiri hakukosea kamusi. “Cervix” ni neno la Kilatini, na kwa Kilatini ni shingo, kwa kuwa waganga wa zamani waliona mfuko wa uzazi umekaa kama chupa iliyopinduliwa. Shingo ya kizazi imekubalika, hutumika hospitalini, na sina ruhusa ya kuifuta. Lakini neno linaweza kukubaliwa na wataalamu na bado likamkwepa anayeandikiwa. Nilikaa kwenye benchi la nje na mama mmoja wa makamo, mkulima, aliyejua kusoma vizuri. Alikisoma chote. Kisha akanirudishia, akagusa koo lake kwa vidole viwili, akasema, “Mwalimu, mimi namshukuru Mungu, hapa sijawahi kuumwa.”

Nilimuuliza kama amewahi kujifungua. Akanicheka. Watoto sita. Nikamuuliza wakunga walikuwa wakisema nini walipompima uchungu ulipomwanza. Hakufikiri hata kidogo: “Walikuwa wakisema mlango umefunguka kiasi gani.” Na wa mwisho, akaongeza, ulikataa kufunguka hadi wakampeleka mkoani. Nikamwambia, basi ugonjwa huu unakaa penye mlango huo. Alinyamaza kwa muda. Kisha akakiomba tena kile kijitabu, akaanza kukisoma upya, safari hii taratibu, na mkono wake ukashuka kutoka kooni ukakaa tumboni.

Mlango wa kizazi si jina nililolibuni mimi. Lipo, wakunga wanalo, nao ni watu wa kazi. Kiswahili humwita mtoto wa kwanza kifungua mimba. Lugha ilikwisha jua kwamba pana kitu cha kufunguliwa. Shingo haifunguki. Ukimwambia mwanamke kwamba shingo yake ya kizazi imefunguka sentimita nne, umempa picha ya kutisha isiyo na maana, ilhali mlango uliofunguka sentimita nne kila mtu anauona. Hapa mlango hauna ubao wala kitasa. Ni ule wa mto, ule wa bahari, ule ambao bibi yangu aliuulizia.

Nilimweleza hivyo muuguzi mkuu, dada mpole mwenye shughuli nyingi. Alinisikiliza huku akiandika vitu vingine. Akasema, “Mwalimu, maneno yote mawili ni sahihi.” Nikamwambia ni kweli, yote mawili ni sahihi, nami siombi lile lifutwe, naomba hili litangulie. Alipofika mwisho wa ukurasa aliokuwa akiuandika aliweka kalamu chini, akaniuliza ni mahali pangapi. Tulihesabu pamoja. Palikuwa mahali 17, pamoja na pale pawili ambapo shingo ilibaki peke yake. Vijitabu vilivyokwisha chapwa vilikuwa maboksi matatu na havikuwezekana kutupwa, kwa hiyo wasichana wawili waliokuwa kwenye mafunzo walikaa varandani mchana mzima wakisahihisha kwa kalamu ya wino, na mimi nikakaa nao nikisahihisha boksi la tatu.